Kabla Hujaishusha Gia Boksi

Pikapu inayoshinda kati ya Feri, Posta na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, haiendi mbali, na hapo ndipo wenye magari wengi wanapopotea. "Fundi, gari hii haisafiri," mtu ataniambia, "inazunguka hapa hapa mjini." Anasema hivyo kwa nia njema, akidhani ameniondolea sababu mojawapo ya ugonjwa, kumbe ndiyo kwanza amenitajia sababu kubwa. Gia boksi ya otomatiki iliyokwenda Iringa na mzigo wa wastani, ukiondoa kile kipande cha Mlima Kitonga, imepumzika kuliko ile iliyoshinda Mtaa wa Msimbazi ikisogea na kusimama, mbele mkokoteni, kulia guta, kushoto bajaji, na njia ya mwendokasi katikati ambayo huruhusiwi kuigusa.

Kazi yangu ni gia boksi hizi. Nazifungua na kuzifunga Gerezani, hapa hapa zinapouzwa zile za mtumba kutoka Japani na Dubai. Kila mwaka naona watu wakitoa mamilioni ya shilingi kununua gia boksi ambayo hawakuihitaji, na jambo hilo linaniuma. Gia boksi inayochemka mara nyingi haijafa. Inaungua kwa sababu joto lake limekosa pa kutokea. Ukibadilisha gia boksi bila kutafuta joto lilipokwama, umenunua nyingine ya kuunguza.

Tuanze na joto lenyewe linavyozaliwa. Gari la gia za mkono lina klachi unayoikanyaga kwa mguu. La otomatiki halina pedeli hiyo. Kati ya injini na gia kuna ngoma ya chuma iliyojaa oili, nasi tunaiita konveta. Ndani yake ni kama mapangaboi mawili yaliyotazamanishwa: la kwanza linazungushwa na injini na kurusha oili, na oili hiyo inalisukuma la pili, ambalo ndilo linalopeleka nguvu kwenye gia. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye taa za makutano ya Fire gia ikiwa D, injini inaunguruma, na gari lisizimike. Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza ya mashine hii mwaka 1905, aliibunia meli: alitaka kuunganisha mitambo ya mvuke inayozunguka kwa kasi kubwa na rafadha inayotakiwa kwenda taratibu. Meli ina bahari nzima ya kuipoza. Pikapu ina rejeta tu.

Pangaboi la pili likizunguka polepole kuliko la kwanza, nguvu iliyopungua hapo katikati inageuka joto ndani ya oili. Gari likishika mwendo, tuseme kilomita 60 au 70 kwa saa kwenye gia ya juu, kuna klachi ndani ya konveta inayoyafunga mapangaboi yote mawili yazunguke pamoja, na joto linashuka. Tunasema konveta imeloki. Sasa niambie, kati ya Posta Mpya na Soko la Kariakoo utafikisha wapi kilomita 60 kwa saa? Gari linaweza kumaliza mwezi bila konveta kuloki hata mara moja. Dashibodi inasoma kilomita chache, mwenye gari anafurahi, na oili inazeeka. Kwa gari la mjini kati mimi siamini kilomita. Nauliza linawashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi.

Oili ya gia boksi, yaani ATF, inapenda kufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Mafundi wa gia boksi wana kanuni yao ya kukadiria: kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka juu ya hapo, umri wa oili unapungua kwa nusu. Oili mpya za kisasa huvumilia zaidi, lakini mwelekeo ni ule ule. Ikifika 115 hivi inaanza kuacha utando wa vanishi kwenye vijia vya valvu. Ikipita 125, sili za mpira zinaanza kukakamaa. Ikikaribia 145, pleti za klachi zinateleza, na kuteleza kwenyewe kunazaa joto jipya. Gari lililovumilia miaka linaweza kumalizika ndani ya wiki moja likifika hapo.

Nichukue mfano wa Hilux moja, Vigo dabo kabini ya dizeli, ya lile umbo lililoanza kuuzwa Thailand mwaka 2004. Mwenye gari ni mama anayeuza vitenge Kariakoo, na kazi ya gari ni kutoa marobota stoo na kuyafikisha dukani. Alikuja yeye na dereva wake.

"Shikamoo mzee," kijana alisema, na kabla sijaitikia vizuri akaendelea. "Asubuhi inatembea vizuri tu. Ikifika saa tisa alasiri, ukiweka rivasi unasubiri mpaka unakata tamaa, halafu inashika kwa kishindo."

"Marahaba. Imeanza lini?"

"Ina kama miezi miwili."

Mama akadakia: "Fundi, nimeshaambiwa ninunue gia boksi nyingine. Nimekuja unitafutie nzuri, isiyochoka."

"Dada yangu, tusinunue kitu bado," nikamwambia. "Kabla ya hiyo miezi miwili, gari lilitengenezwa nini?"

Walitazamana. Rejeta, kijana akasema. Ilikuwa inavuja, ikabadilishwa.

Dalili inayofuata saa ni dalili ya joto. Gia boksi iliyokufa inateleza asubuhi na jioni. Inayofanya vizuri ikiwa baridi na kugoma ikishapata moto inakuambia kwamba vyuma vyake bado vinaweza kazi, ila oili imekuwa nyepesi mno kushika presha. Ndiyo maana sikubali kupima gari lililolala gereji usiku kucha. Nataka lije likiwa katika hali ile ile inayomkera mwenyewe.

Kwanza ni dipstiki, na hapa naona makosa ya kila siku. Toyota nyingi za gia nne za kundi la A340, Vigo hilo likiwemo, zina dipstiki ya gia boksi. Hupimi injini ikiwa imezimwa kama unavyopima oili ya injini. Gari liwe mahali tambarare, limetembea hadi limepata moto, injini inaunguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, na breki umeikanyaga. Pitisha mkono wa gia taratibu katika nafasi zote kutoka P mpaka L na kurudi P, ndipo uchomoe, ufute, urudishe, usome kwenye alama za HOT. Honda wao wanataka injini izimwe kwanza, kwa hiyo kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi. Oili ikiwa pungufu, pampu inafyonza hewa, oili inatoka povu, na povu halibebi joto wala presha. Ikizidi pia inatoka povu, maana vyuma vinavyozunguka vinaichapa. Nimeona magari yaliyoongezwa lita nzima "ili ipoe", yakazidi kuchemka.

Oili ya Vigo lile ilikuwa kwenye kipimo. Rangi yake ilishaacha wekundu na kuwa kahawia, na ilikuwa na harufu ya kuungua kidogo. Nilipoidondoshea kwenye karatasi nyeupe haikuacha chenga. Hapo nilipata matumaini.

Baada ya hapo natumia kifaa ambacho nadhani kila gereji ya otomatiki ingekuwa nacho: kipimajoto cha bunduki. Kipo cha kupimia watu kwenye paji la uso. Hiki ni cha viwandani, kinachosoma nyuzi mia kadhaa. Kwenye gia boksi kunatoka mabomba mawili membamba. Moja linapeleka oili ya moto kwenye kipozeo, ambacho kwa pikapu nyingi kimefichwa ndani ya tangi la chini la rejeta, na la pili linairudisha. Bomba la chuma linalong'aa linadanganya kipimo, kwa hiyo nalizungushia tepu nyeusi kwanza na kuisoma hiyo tepu. Halafu tunaingia barabarani, na si barabara nzuri: tunakwenda Msimbazi mpaka Fire, tunarudi kwa Lumumba na Mnazi Mmoja saa ambayo maduka yanapakia. Tukirudi napima mabomba yote mawili injini ikiwa bado inaunguruma.

Usomaji wake ni rahisi, na mwenye gari anaweza kuufuata kwa macho yake. Bomba la kurudi likiwa limepoa kwa nyuzi kumi na kitu au zaidi kuliko la kwenda, kipozeo kinafanya kazi, na tatizo ni joto linalozalishwa kupita kiasi. La kwenda likiwa moto sana na la kurudi likawa karibu baridi, oili haipiti, kuna kuziba. Yote mawili yakiwa moto karibu sawasawa, oili inapita lakini haipozwi.

Vigo la yule mama: la kwenda lilizidi nyuzi 120, la kurudi lilikuwa nyuma yake kidogo tu. Nikalala chini ya bampa ya mbele na tochi. Mabomba hayakufika kwenye rejeta kabisa. Rejeta iliyofungwa ilikuwa ya Vigo la gia za mkono, isiyo na kipozeo ndani wala matundu ya mabomba, na aliyeifunga, alipokosa pa kuyachomeka, aliyaunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha mpira na klipu mbili. Kwa miezi miwili oili ilitoka gia boksi ikiwa moto na kurudi ikiwa moto, ndani ya jiji ambalo mwezi Februari saa nane mchana hewa yenyewe inaunguza.

Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu rejeta hizo mbili kwa mbele zinafanana. Ukienda dukani ukasema "rejeta ya Vigo" utapewa rejeta ya Vigo. Sema ya otomatiki, kisha igeuze mwenyewe, utafute yale matundu mawili kwenye tangi la chini. Kama hayapo, irudishe hata kama bei ni nzuri.

Tulifunga rejeta sahihi. Tulishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, na kwenye sumaku zake kulikuwa na uji wa kijivu laini tu, jambo la kawaida kwa umri ule. Vipande vya chuma vinavyong'aa vingebadilisha mazungumzo. Tukasafisha chujio na kubadilisha oili. Kubadilisha nako kuna jambo watu hawaambiwi: ukifungua nati ya chini inatoka robo au theluthi tu ya oili, maana nyingi imebaki ndani ya konveta. Kwa hiyo tulibadilisha, gari likatembea, tukabadilisha tena. Na aina ya oili haichaguliwi kwa rangi. Gia boksi nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zinataka Dexron II au III, zilizofuata zinataka T-IV au WS, na mara nyingi maandishi yako kwenye dipstiki yenyewe.

Gia boksi ile ile ndiyo inayobeba marobota mpaka leo.

Si kila gari linaisha kwa urahisi huo. Kuna yanayokuja na oili ya rangi ya maziwa ya waridi, na hapo maji yameingia. Fundi mwenye haraka atasema rejeta imetoboka ndani, na mara nyingi atakuwa sahihi. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na anayejaza rejeta kwa maji hayo badala ya kulanti anakula chuma cha kipozeo taratibu mpaka maji na oili vinakutana. Lakini wakati wa masika nauliza swali lingine: gari limepita Jangwani? Bonde la Msimbazi likifurika, watu wanajaribu kupita kwenye maji yanayofika mlangoni, na gia boksi ina kipumulio juu yake. Gia boksi yenye moto ikizamishwa ghafla inapoa na kuvuta maji kupitia humo. Tofauti utaiona kwenye rejeta: kipozeo kikitoboka, maji ya rejeta yanapungua na mara nyingi unakuta mafuta yanaelea juu yake. Kama maji ya rejeta ni masafi na hayajapungua, shuku mafuriko. Vyovyote iwavyo, usiliendeshe. Pleti za klachi zimebandikwa malighafi ya jamii ya karatasi kwa gundi, na maji yanaibandua.

Turudi kwenye vipimo vya mabomba. Bomba la kurudi likiwa baridi, nalifungua, nachomeka mpira kwenye chombo, na msaidizi anawasha injini. Oili itoke mfululizo, takriban lita moja kwa nusu dakika. Ikidondoka kidogo kidogo, kipozeo kimeziba au bomba limebonyezwa na mawe.

Kipozeo kikiwa kizima, namtafuta anayezalisha joto. Naanza na feni ya injini. Ile yenye klachi ya silikoni, ukiisukuma kwa mkono injini imezimwa ikiwa moto, inatakiwa kukataa kuzunguka. Ikizunguka mizunguko mingi yenyewe, imechoka, na kwenye foleni hakuna upepo mwingine wa kuokoa rejeta. Kisha naelekeza kipimajoto kwenye rimu zote nne. Rimu moja ikiwa moto kuliko wenzake, breki imeshika, na gia boksi inaburuta mzigo usioonekana. Hapo hapo naangalia kama vumbi na nyuzi za marobota zimeziba kondensa ya AC mbele ya rejeta, jambo ambalo magari ya wauza nguo yanalo sana.

Kupima konveta isiyoloki kunahitaji barabara ndefu. Tunakwenda Barabara ya Morogoro, nje ya mji, penye ruhusa ya mwendo. Gari likiwa na moto wake, kilomita 80 kwa saa, overdraivu imewashwa, nashikilia mafuta pale pale na kuigusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto. Mshale wa mizunguko unatakiwa kupanda mia mbili, mia tatu, kisha urudi. Usipotikisika, konveta haikuwa imeloki tangu mwanzo. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye udhibiti wa umeme hukuambia zenyewe: unaunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha kupimia, unawasha swichi, na taa ya O/D OFF inakonyeza namba. 62 na 63 ni solenoidi, yaani valvu za umeme, za kubadilisha gia, 64 ni ile ya kuloki konveta, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Solenoidi moja inaweza kupasha moto gia boksi nzima, na bei yake haikaribii bei ya gia boksi.

Kuna jambo nawaomba madereva kwa dhati. Baadhi ya Toyota zina taa ya A/T OIL TEMP kwenye dashibodi. Ikiwaka, silika ya mtu ni kuzima gari. Usizime. Egesha pembeni, weka P, acha injini iungurume mpaka taa izimike. Pampu ya oili inazungushwa na injini; ukiizima, oili inasimama ndani ya moto na haipiti tena kwenye kipozeo. Na kwenye foleni ile ya jioni isiyosogea, weka N, uvute breki ya mkono. Ukibaki D huku umekanyaga breki, konveta inaendelea kupika oili yake. Usifanye hivyo kila hatua mbili, maana kuingiza gia mara kwa mara nako kunachosha klachi. Fanya pale unapoona kabisa kwamba hapa tumekaa.

Kwa pikapu inayobeba mizigo Kariakoo mimi nafunga kipozeo cha ziada mbele ya kondensa, kile cha bati na mapezi. Oili ipite kwanza kwenye rejeta, kisha kwenye hiki, ndipo irudi gia boksi.

Zipo gia boksi zilizokufa kweli: oili nyeusi yenye chenga, gari linateleza hata asubuhi, sampu imejaa vipande. Hizo tunashusha. Lakini hata hapo kazi haijaisha kwa kununua nyingine, kwa sababu vipande vya ile ya zamani vimeshakimbilia ndani ya kipozeo na mabomba, na vitaingia kwenye mpya siku ya kwanza. Simama hapo gereji. Mabomba yapulizwe na kusafishwa, na kipozeo kisichosafishika kibadilishwe. Kabla hajafunga bomba la kurudi, fundi awashe injini akuoneshe oili inayotoka: iwe nyekundu, iwe safi, na itoke kwa nguvu.